Nukta ya Kerio

Jumatatu, Machi 3. Lodwar

Leo ofisini tumekula keki kwa ajili ya namba. Si harusi, si ubatizo: namba. Madam Nelly, mkuu wetu, aliinunua mwenyewe, na kwa joto hili la Lodwar ile sukari ya juu ilikuwa imeshayeyuka ikawa uji. Tuliila kwa vijiko.

Namba yenyewe ni 0.88. Acha niieleze, ili nikizeeka nijue tulikuwa tunashangilia nini. Shirika letu hupeleka chakula cha lishe kwa watoto waliokonda. Hatuwezi kupima kila mtoto Turkana nzima, kwa hiyo Madam alitengeneza modeli. Picha za setilaiti zinaonyesha kila mahali pana kijani kiasi gani, na mstari mmoja ulionyooka unakisia, kutokana na kijani hicho, watoto wangapi katika kila mia wamekonda. Kijani kingi, malisho mengi, maziwa tele, watoto wazima. Kijani kidogo, kilio. Kila kituo tulichowahi kupima ni nukta kwenye grafu, na nukta zikiukaribia mstari, ile namba tunayoiita R-skwea inapanda kuelekea moja. "Tuko sahihi asilimia themanini na nane!" Madam alisema huku anakata keki. Mimi mchambuzi wake nikapiga makofi kama wengine.

Ila mwezi uliopita ilikuwa 0.54. Kulikuwa na nukta moja imekaa juu peke yake: kijani tele, na watoto wengi wamekonda. Madam akasema wapimaji walikosea, haiwezekani mahali pa kijani namna hiyo, tena jirani na samaki wa ziwa, watoto wawe mifupa. "Hii ni nukta korofi," akasema, akaifuta. Mstari ukakaa sawa, R-skwea ikaruka, keki ikanunuliwa.

Nukta hiyo ni Kerio. Kerio ni kwetu. Dada yangu Akaale yuko huko na watoto wake. Sikusema kitu, kwa sababu katika ofisi hii kila mtu anamvizia mwenzake aone nani anavutia kwao, na mimi sitaki kuitwa hivyo. Labda wapimaji walikosea kweli.

Alhamisi, Machi 6

Mkutano wa kila Alhamisi. Alier alikuwa kwenye simu kutoka Kakuma. Huyu ndiye mtu wetu wa data ndani ya kambi, mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyesomea takwimu Kampala, na hakuachi ulisahau hilo hata dakika moja. Ana modeli yake ya kambi. Madam akamwuliza R-skwea yake ni ngapi. Akasema 0.19.

Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi, na simu ilikuwa wazi. Nikasema, "Alier, hiyo si modeli, hiyo ni bahati nasibu."

Akasema, "Sawa, sister Akoru. Siku moja utakuja kusoma hii kitu na mimi."

Jeuri yake!

Jumamosi, Machi 8

Vumbi. Mawingu yalikuja, yakatuangalia, yakaenda zao.

Jumanne, Machi 11

Akaale amepiga simu. Kwa kawaida dada yangu hana haraka. Atauliza habari za mwili, za kazi, za mvua, za kanisa, ndipo afike alikokuwa anakwenda. Leo alisema "Ejok" tu, salamu yetu ya Kiturkana, basi.

Nikamwuliza mbuzi. Akasema, "Mbuzi gani?"

Nikauliza watoto. Akasema Akuwam, kitinda mimba wake, siku hizi hakimbizi kuku tena. Anakaa tu mlangoni anawaangalia wakipita. Mtu asiyetujua ataona hiyo ni habari ndogo. Huyo mtoto ana miaka miwili na alikuwa haketi! Mara ya mwisho nilipokwenda alinivunjia miwani na kunifukuza na fimbo kutoka nyumba ya mama yake.

"Lakini huko kuna kijani," nikamwambia, na nilijisikia mjinga kabla sijamaliza. "Picha zinaonyesha kijani kando ya mto wote."

"Kijani kipo," Akaale akasema. "Kinatutoboa miguu. Mbuzi walikufa wakikiangalia."

Mathenge! Mungu wangu. Ule mti wa miiba ulioletwa zamani kuzuia jangwa, ambao sasa umefunika kingo za mto Kerio mpaka huwezi kupita. Kila kitu kikikauka, wenyewe uko kijani. Majani yake mbuzi hawataki. Maganda yake ni matamu, wakiyala sana meno yanaoza, halafu hawawezi kula hata nyasi zikipatikana. Kila mtu hapa anajua. Mama yangu aliulaani mti huo kila asubuhi ya maisha yake. Mimi nimekaa mwaka mzima naangalia rangi ya kijani kwenye kompyuta na sikujiuliza hata siku moja ni kijani cha nini.

Wapimaji hawakukosea.

Alhamisi, Machi 13

Nina hasira, mwandiko huu nitausoma mwenyewe kesho kwa shida.

Leo malori yamegawanywa. Moja Namoruputh, moja Kalemng'orok, moja libaki akiba. Kerio haipati kitu kwa sababu mstari unasema huko wamekonda watoto sita tu kwa kila mia. Nikainua mkono. Nikasema kwa adabu zote kwamba nadhani tuliifuta nukta ya Kerio mapema mno, kwamba kijani cha pale ni mathenge, kwamba wapimaji walikuta thelathini na mmoja kwa kila mia na ni bora turudi tukapime.

Madam Nelly aliondoa miwani, akaipangusa, akairudisha. "Akoru, Kerio ni kwenu, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo.

"Basi unaelewa kwa nini siwezi kulipokea hilo kutoka kwako," akasema. Tena alisema kwa upole, na upole huo ndio umeniumiza zaidi. "Kila mtu humu ana kwao. Nikianza kusogeza malori kwa sababu ya dada wa mtu, nitaishia wapi? Modeli haina dada. Modeli ina R-skwea ya 0.88, na wafadhili wameipokea."

Nilikaa chini. Kibaya zaidi ni kwamba kama ningekuwa mimi Madam, na mtu wa Namoruputh amesimama kunililia habari za Namoruputh, ningemjibu vivyo hivyo.

Ijumaa, Machi 14

Sikwenda chai ya saa nne. Lokiru, dereva, aliniletea kikombe, akakiweka, akaondoka.

Jumatano, Machi 19

Mvua imenyesha! Si hapa, ni juu milimani, lakini mito imepata maji na mji mzima unatabasamu. Mwanzo nilifurahi pia. Halafu nikafungua picha mpya za setilaiti. Mathenge wamekunywa, wamenenepa, na kando ya mto Kerio kumekuwa kijani mpaka kinaumiza macho. Modeli imeshusha hesabu ya Kerio kutoka sita hadi wanne kwa kila mia.

Yaani kadiri mvua inavyonyesha ndivyo Kerio inavyozidi kushiba kwenye kompyuta yetu. Nimempigia Akaale, simu haipatikani.

Ijumaa, Machi 21

Haipatikani.

Jumapili, Machi 23

Kanisani mhubiri alishukuru kwa mvua. Sikuweza kusema amina. Baada ya ibada nimempata jirani wa Akaale kwa simu. Anasema Akuwam miguu imevimba. Samaki? Upepo umekuwa mkali, mitumbwi haitoki, na wanaopata kidogo wanauza wote kwa wachuuzi.

Nimefikiria sana. Mimi siwezi kulisema hili tena. Mdomo wangu umefungwa na kwetu. Linahitaji mtu asiye na kwao Kerio, asiye na kwao Turkana kabisa, na anayejua hesabu. Namjua mmoja tu. Nilimcheka mbele ya watu.

Jumanne, Machi 25. Kakuma

Nilipata nafasi kwenye gari la ofisi lililokuwa likipeleka dawa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi, na nilipofika yote yakanipotea.

Alier ana ofisi ndani ya kontena, feni moja, meza mbili. Alikuwa anakunywa chai na mwenzake Nyaboth, mwanamama wa makamo anayesimamia wapimaji wa kambi. Hakuinuka. "Karibu, sister. Umekuja kucheza bahati nasibu?"

Nyaboth akamwambia, "Alier, mwache mtu akae kwanza." Akanimiminia chai yenye sukari ya kutosha kijiji kizima.

Nikasema, "Nilikosea. Nilicheka kitu ambacho sikukisoma. Nisamehe."

Sikutegemea, lakini uso wake ulibadilika. Jeuri yote hiyo, na chini yake kulikuwa na mtu aliyeumia. Akavuta kiti kingine karibu na kompyuta yake. "Kuja uone," akasema.

Akanionyesha grafu yake. Nukta zilikuwa zimejazana pamoja, mstari unapita katikati yao karibu bila kuinama.

"R-skwea inauliza swali moja tu," Alier akasema. "Kati ya tofauti yote iko, mstari imeeleza ngapi? Sasa hapa kambi watoto wote wanakula mgao moja, wanakunywa maji moja. Tofauti kati ya mtaa na mtaa iko wapi? Ni kidogo. Kama hakuna kitu ya kueleza, utaeleza nini? R-skwea lazima iwe chini. Lakini pima pengo, kutoka nukta mpaka mstari. Pima na kidole yako."

Nikapima. Hakuna mtaa hata mmoja ambao mstari wake ulikosa kwa zaidi ya watoto wawili katika mia.

"Sasa lete yenu."

Nikafungua yetu. Nukta zilitawanyika kutoka kona hadi kona, na mstari ulikuwa mzuri kweli, umenyooka kama barabara ya lami. Alier akaniuliza ile moja tuliyofuta iko wapi. Nikairudisha. Ikatokea juu peke yake.

"Pengo?"

"Ishirini na tano," nikasema. "Wakati wa kupima mstari ulisema sita, wapimaji walikuta thelathini na mmoja."

Akapiga mluzi. "Sasa Madam anasema eti mnapatia asilimia themanini na nane. Si hivyo! Hiyo namba inasema tu, kati ya zile nukta mliacha ndani, mstari imeeleza tofauti yao. Ile mlitoa nje, haijui. Unaweza futa watoto yote wenye njaa, upate 0.99, ununue keki ingine."

"Nani alikwambia habari za keki?"

"Sister, keki ilifika mpaka Kakuma."

Nilicheka, halafu nikaanza kulia, aibu tupu, mbele ya mtu ambaye sikumpenda asubuhi hiyo hiyo. Nyaboth alinishika bega. Nikawaambia yote: Akaale, Akuwam, miguu iliyovimba, na swali la Madam.

Alier akafikiria. "Kerio iko na mathenge?"

"Imefunikwa."

"Hapa pia. Ndio sababu kijani mimi nilitoa kwa modeli siku ya kwanza." Akafunga kompyuta. "Alhamisi nitaongea mimi. Wewe utanyamaza. Unaweza?"

Nikasema naweza. Nyaboth alinitazama kama mtu asiyeamini.

Alhamisi, Machi 27. Lodwar

Nilinyamaza. Niliuma ulimi kweli kweli, bado una kidonda.

Alier alisema yote kwenye simu, polepole, nukta kwa nukta. Madam alimkatiza mara tatu. Mara ya mwisho akasema, "Alier, wewe wa 0.19 unanifundisha mimi?"

"Madam," akajibu, "usiamini mimi. Usiamini Akoru. Usiamini hata hiyo mstari. Mnitume nikapime. Kama nitapata hiyo nne ama sita yenu, nitaomba msamaha mbele ya watu wote. Mimi kwa Kerio sina hata shangazi."

Madam alizungusha kalamu. Nilimwona ameogopa. Mwanamke huyu ameshaitangaza ile 0.88 kwa wafadhili, na jina lake liko chini ya ripoti. Angeweza kukataa na hakuna mtu angemlaumu.

"Jumatatu," akasema. "Uje na wapimaji wako, watu wa kambi, wasiomjua mtu huko. Akoru asikanyage Kerio." Halafu, bila kuniangalia: "Si adhabu. Ni ili wakirudi na namba, pasiwe na mtu wa kuikataa."

Jumapili, Machi 30

Mawingu meusi upande wa juu. Wote wanasema ahsante Mungu. Mimi nasema subiri kidogo, Mungu, subiri gari liende lirudi.

Jumatatu, Machi 31

Alier na wapimaji wake wamevuka salama asubuhi ile laga, mto mkavu ulio kwenye njia ya Kerio. Siwezi kula.

Jumanne, Aprili 1

Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya hospitali. Niandike kwa utaratibu, nisije nikaruka.

Asubuhi Alier alipiga simu kwa Madam, naye Madam akaweka sauti wazi. Walikuwa wamepima watoto tangu jana. Utepe wa kupimia mkono una rangi tatu, na nyekundu ndiyo ya hatari. "Madam, thelathini na nne kwa kila mia wako chini ya kipimo," akasema. "Wapimaji wa kwanza hawakukosea. Imezidi kidogo. Na wako watatu hawawezi kungoja chakula, nawaleta hospitali sasa hivi na mama zao."

Nilimwangalia Madam Nelly. Nilijiandaa kumchukia. Hakusema neno juu ya modeli wala ripoti. Alisimama, akamwita Lokiru, akamwambia apakie lori la akiba, lote, na aondoke. Halafu akaniambia, "Panda. Nilikukataza Kerio, sikukukataza njia." Na yeye akapanda, na viatu vyake vya ofisi.

Tulifika kwenye laga tukakuta maji.

Asubuhi ile ilikuwa mchanga mtupu, gari lingepita kwa gia ya pili. Sasa yalikuwa maji mekundu yanayobeba miti mizima, yananguruma, na mvua yenyewe hata haikutugusa. Ilinyesha huko mbali. Ng'ambo lilisimama gari la Alier. Sisi upande huu tuna lori limejaa chakula cha watoto. Wao upande ule wana watoto. Katikati maji. Ukirusha jiwe linafika.

Nilimwona Alier kwa urefu wake. Alikuwa amesimama na mtoto kifuani. Kando yake mwanamke mwenye shanga za dada yangu. Nilipiga kelele, "Akaale!" na maji yakaimeza sauti yangu. Akainua mkono.

Simu ikalia. Alier. "Sister, huyu mama ameniuliza kama najua Akoru. Huyu mtoto nimebeba, ni Akuwam?"

Nikasema ndiyo. Nikamwuliza anapumua vipi. "Anapumua. Ameshika kidole yangu, hataki kuachilia." Nikamwambia ampe maji ya sukari kidogo kidogo, kwa kijiko, kama tulivyofundishwa. Akasema Nyaboth ameshaanza.

Lokiru alikata fimbo ndefu, akaingia mpaka magotini, akarudi. "Haiwezi. Hii itabeba lori kama kiberiti." Akachomeka fimbo kwenye mchanga ukingoni ili tuone maji yakishuka. Tukakaa tunaiangalia fimbo. Jua likapanda. Madam alikuwa amevua viatu, ameketi kwenye mchanga.

Saa saba hivi, ng'ambo, mwanamke mmoja aliketi chini ghafla. Si Akaale. Wanawake wengine wakamzunguka. Alier akaja ukingoni akasimama tu, mikono mitupu, hakupiga simu. Hakukuwa na haja. Mama yule hakulia kwa sauti. Au alilia na maji yakatuficha. Mmoja wa wale watatu hakungoja.

Madam Nelly aliniuliza, "Ni nini? Akoru, ni nini kimetokea?" Alikuwa anajua. Nikamwambia. Akajifunika uso kwa viganja viwili na kusema, "Nilimfuta. Huyo nilimfuta." Niliwaza maneno makali mengi, nilikuwa nayo tangu Machi kumi na tatu, yote tayari. Sikusema hata moja. Nilikaa karibu naye, na mimi pia nikalia, kwa sababu nilikuwepo siku ya keki na nilishika kijiko.

Baadaye fimbo ya Lokiru ilianza kuonyesha alama nyeusi ya unyevu juu ya maji. Wanaume wa ng'ambo hawakusubiri yaishe. Wakashikana mikono, wakaingia hadi kiunoni, wakavuka. Walirudi na maboksi vichwani, na wengine wakaleta watoto mabegani. Alier, ambaye hajui kuogelea, alivuka na Akuwam juu ya kichwa chake kabisa, ametumbua macho kwa hofu, anaomba kwa Kidinka. Alipofika nilimchukua mtoto. Hakuwa na uzito. Nasema hivyo kwa sababu sina namna nyingine ya kulisema: nilimbeba na mikono yangu haikujua kama imebeba kitu.

Daktari anasema tungoje.

Jumatano, Aprili 2

Tunangoja.

Alhamisi, Aprili 3

Hakukuwa na mkutano. Tunangoja.

Jumamosi, Aprili 5

Amekunywa kikombe kizima cha maziwa ya dawa na hakutapika. Akaale amelala sakafuni chini ya kitanda kwa mara ya kwanza tangu waje.

Alhamisi, Aprili 10

Madam Nelly amesimama mbele ya watu wote na kuweka grafu ukutani. Nukta ya Kerio imerudi, na vipimo vipya vimeipandisha juu zaidi. R-skwea ni 0.51. Ameshawaandikia wafadhili mwenyewe. Aliondoa miwani mara moja tu, alipofika kwenye ukurasa wa pengo la Kerio.

"Kuanzia leo," akasema, "hapa hakuna mtu atanitajia R-skwea kabla hajanionyesha nani yuko mbali na mstari. Na nukta ikikaa mbali, hatuifuti. Tunapanda gari tunaenda kuiuliza." Halafu akasema malori mawili yanayofuata ni ya Kerio, na vituo vyote vya mathenge vipimwe upya.

Jamaa wa fedha akauliza, "Lakini Madam, si modeli imeharibika?"

"Ilikuwa imeharibika tulipokula keki," akajibu.

Alier kwenye simu hakusema lolote. Nilitegemea majigambo ya wiki nzima. Baada ya mkutano akaniandikia ujumbe: "Akuwam anakula?"

Ijumaa Kuu, Aprili 18

Ibada ya Njia ya Msalaba juani. Mama yule aliyefiwa alikuja mjini kwa ndugu zake, nilimwona kwenye umati. Jina lake ni Akiru. Nilikwenda kumsalimia. Nilishindwa kusema nilichotaka kusema, nikamshika mikono tu.

Alhamisi, Aprili 24

Leo Akuwam ameninyang'anya miwani.

Alikuwa mapajani mwa mama yake, utepe umeshatoka nyekundu unasoma njano, na nilipoinama kumbusu akaikamata na kuitupa sakafuni. Kioo kimoja kimepata ufa. Akaale alianza kumgombeza halafu akaacha, tukaangaliana, tukacheka mpaka nesi akatunyamazisha.

Nilikuwa na kompyuta kwa ajili ya kazi. Akaale, ambaye hajawahi kuniuliza nafanya nini ofisini, akauliza, "Hizo ndizo kazi zako?" Nikamfungulia grafu. Nikamweleza kwa Kiturkana kwamba kila nukta ni mahali penye watoto, na mstari ni makisio yetu ya nani ana njaa.

Aliisogelea. "Sisi ni wapi?"

Nikaweka kidole juu, pale peke yake.

"Mbona tuko mbali na wengine?"

"Kwa sababu mstari uliona kijani ukafikiri mna maziwa."

Akatikisa kichwa, jambo hilo halikumshangaza hata kidogo. Akaendelea kuitazama. "Na wakati ule nakupigia simu? Tulikuwa hapa hapa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hangejua kamwe.

"Hamkuwepo," nikasema. "Tulikuwa tumewatoa, ili mstari upendeze."

Dada yangu alinyoosha kidole chake, kile chenye kovu la mwiba wa mathenge, akaiziba ile nukta. Akaitazama grafu bila sisi, mstari mzuri na wengine wote wamejipanga karibu yake. Akakiondoa kidole, tukaonekana tena.

"Usitutoe tena," akasema, akachukua kikombe akaendelea kumlisha mtoto.